Fundi wa Madoa ya Rimu

Rimu ya alumini iliyomwagiwa dawa isiyoifaa haijachafuka, imeungua. Ukiitazama kwa mbali utaona weupe wa ukungu kuzunguka nati, au michirizi ya kijivu inayoshuka kutoka kwenye kitovu hadi ukingoni, au vidoa vya rangi ya maziwa vilivyotapakaa kwenye mikono yake. Mwenye gari huchukua ndoo na sabuni. Rimu ikilowa, doa linatoweka lote, naye hufurahi. Jua likishaikausha, doa linarudi palepale, kwa umbo lilelile. Anasugua tena kwa nguvu zaidi, kisha anatafuta dawa kali zaidi, na kuanzia hapo kila anachofanya kinaongeza jeraha juu ya jeraha.

Mafundi wanaoijua kazi hii huanzia pale wengine wanapokata tamaa: huilowesha rimu, kisha huitazama inavyokauka. Doa linalopotea kwenye maji na kurudi kwenye ukavu ni vishimo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyochimbwa na dawa. Maji yakivijaza, uso unakuwa laini tena na mwanga unarudi umenyooka. Maji yakikauka, kila kishimo kinautawanya mwanga upande wake, na jicho linaona weupe. Hakuna kitu cha kutoa hapo. Kilichopo ni upungufu, na upungufu hauondolewi ila kwa kuushusha uso wote uliobaki mzima, taratibu, mpaka ulingane na sakafu ya vile vishimo. Kwa hiyo mikono ya fundi muda mwingi iko kwenye sehemu zisizo na doa, na ustadi wake unapimwa kwa uchache wa kile anachokichukua.

Nimeipenda kazi hii kwa kumtazama fundi mmoja wa Ilala, Dar es Salaam, mtu mzima ambaye vijana wanaojifunza kwake humpa shikamoo asubuhi kisha humwita Mzee siku nzima. Hana kibao barabarani. Ana benchi la mbao lililotandikwa kipande cha zulia ili rimu isikwaruzike, ndoo mbili, miswaki iliyochakaa, na misasa iliyokatwa vipande na kupangwa kwa namba ndani ya boksi la viatu. Magari yanayoletwa kwake ni haya haya yanayojaza barabara zetu: yametumika Japani miaka kadhaa, yakashushwa bandarini na rimu za aloi zikiwa bado zinang'aa, halafu yakakutana na mabanda yetu ya kuoshea magari.

Siwalaumu vijana wa mabandani. Wanalipwa kwa gari, na gari la pili tayari limepiga honi nyuma ya la kwanza. Wanapambana na uchafu mgumu kweli. Kila breki inapokamata, pedi na diski ya chuma vinasagana, na vumbi lake, lenye chembe za chuma zilizopata moto, hurukia kwenye rimu na kujichimbia kwenye vanishi. Chembe hizo zikipata unyevu hushika kutu, na rimu inajaa vidoa vya hudhurungi ambavyo sabuni haivigusi. Kijana anatafuta kitu cha kukata uchafu huo ndani ya dakika moja. Mwingine anachukua dawa ya kusafishia choo, yenye asidi ya hidrokloriki. Mwingine maji ya betri, ambayo ni asidi ya sulfuriki. Mwingine dawa ya kutolea grisi kwenye injini, ambayo mara nyingi ina kostiki, ileile wanayotumia akina mama wanaotengeneza sabuni za miche. Dakika moja kweli inatosha, uchafu unaondoka. Kinachobaki kinaonekana gari likishafika nyumbani.

Kuna hatari hapa iliyo kubwa kuliko rimu yoyote, na nisingependa kuipita haraka. Asidi ya choo ikikutana ndani ya ndoo moja na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, hutoka gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Na zipo dawa za rimu zenye asidi ya hidrofloriki au chumvi zake. Hiyo ikigusa ngozi ikiwa imezimuliwa inaweza isiume kabisa kwa saa kadhaa. Maumivu huja ikiwa imekwisha kupenya na kuanza kuikamata kalisiamu ya mwilini. Ikikupata, osha kwa maji mengi mara moja na nenda hospitali na chupa yenye lebo, hata kama huhisi kitu, ili daktari ajue kwamba dawa yake ni ya kalisiamu. Nikimwona kijana wa miaka kumi na minane amevaa malapa, mikono mitupu, anamwagia rimu kimiminika kutoka dumu lisilo na maandishi, moyo unaniruka. Mzee hakubali dumu la namna hiyo livuke kizingiti chake.

Kwa nini alumini inaumia upesi hivi? Yenyewe ni metali yenye pupa ya oksijeni. Ukiikwangua tu, sehemu iliyo wazi inajifunika ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache, yaani sehemu chache kati ya sehemu milioni moja za milimita. Ngozi hiyo ndiyo inayoikinga isiliwe na hewa na maji. Lakini inavumilia pande zote mbili kwa kiasi tu. Kwenye kile kipimo cha ukali kinachotoka 0 kwa asidi hadi 14 kwa magadi, ngozi ya alumini iko salama kati ya 4 na 8.5 hivi. Ukishuka chini ya hapo inayeyuka; ukipanda juu ya hapo inayeyuka pia. Jikoni jambo hili linajulikana zamani. Sufuria ya alumini ikipikiwa maharage yaliyotiwa magadi huwa nyeusi ndani, na ikipikiwa kesho yake mchuzi wa nyanya na ukwaju hutoka imetakata. Mpishi hakuisugua, chakula chenyewe kimebadilisha uso wake.

Na kostiki ina undugu wa ajabu na metali hii. Alumini ilikuwa ghali sana mpaka 1886, ambapo Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuipata kwa umeme. Ilibaki kazi ya kupata oksaidi safi kutoka kwenye udongo wa boksiti, na mwaka 1888 mkemia wa Austria, Carl Josef Bayer, alipata hataza ya njia yake: kuiyeyusha kwa kostiki ya moto na kuuacha uchafu mwingine chini. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Kimiminika kinachoila rimu ya gari lako kwenye banda la kuoshea ndicho kilichoitoa alumini yake kwenye udongo, na kinafanya kazi ileile kwa bidii ileile. Bugatti walipoleta gari lao la Type 35 kwenye mashindano ya Lyon mwaka 1924 likiwa na magurudumu ya alumini iliyomiminwa, walikuwa wanatafuta wepesi. Urembo ulikuja pamoja na wepesi huo, na kazi ya kuutunza ikaja nyuma yake.

Sasa turudi kwenye benchi. Mzee huigeuza rimu mikononi kabla ya kumuuliza mteja chochote, na anachotafuta kwanza ni mwelekeo. Michirizi ikiwa imelala sambamba, yote ikielekea upande mmoja, rimu ilikuwa imesimama wakati dawa inashuka, na upande huo ulikuwa chini: hiyo ni kazi ya banda la kuoshea. Michirizi ikitawanyika kutoka kitovuni kwenda ukingoni pande zote, rimu ilikuwa inazunguka, na kitu kilichoitia doa kilitoka ndani, kwa nguvu ya mzunguko. Inaweza kuwa grisi ya beringi. Inaweza kuwa mafuta ya breki, ambayo hulainisha vanishi na rangi kila yanapogusa. Hapo haanzi kazi. Anamrudishia mteja rimu yake na kumwambia, bila kupandisha sauti, aende kwa fundi wa breki kwanza, tena asiende kwa mwendo wa kasi. Nimemwona akimpoteza mteja kwa namna hiyo, mtu aliyekuwa na harusi Jumamosi na alitaka gari ling'ae tu. Mzee hakumsihi wala hakumkimbilia, ila alimrudia neno moja: breki.

Baada ya mwelekeo hutazama kina. Kuna madoa yaliyokaa juu ya vanishi: lami, ambayo kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo huilainisha na sabuni huimalizia, na magamba meupe ya maji ya kisima, ambayo mitaa mingi ya Dar es Salaam inayajua kwa ladha yake ya chumvi. Magamba hayo ni chokaa, na siki iliyozimuliwa au maji ya ndimu huyatoa, mradi yaoshwe upesi na vizuri. Kuna madoa yaliyo ndani ya vanishi, hayajaifikia metali. Kuna yaliyo chini yake. Magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, mara nyingi huja na nyuzi nyeupe zinazotambaa chini ya vanishi kuanzia mahali palipogongwa na kokoto. Hizo ni kutu ya alumini, imeingizwa na chumvi ya upepo, na vanishi iliyo juu yake inaweza kuwa nzima kabisa. Anayesugua vanishi hiyo ataimaliza na uzi bado utakuwa pale.

Ili kujua kama vanishi ipo au imekwisha kuliwa, Mzee ana jaribio la kitambaa cheupe. Anaweka polishi kiasi cha kunde moja, anasugua sehemu ya siri nyuma ya mkono wa rimu, kisha anageuza kitambaa. Kikiwa cheusi, polishi inagusa alumini tupu, kwa maana chembe za alumini zinazotoka ni nyeusi. Kikibaki safi, kuna vanishi. Kwenye rimu moja anaweza kupata majibu mawili, vanishi upande huu na metali tupu upande ule, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kisha hupitisha kidole kwenye doa. Likimpaka ujivujivu, anajua ilikuwa kostiki. Aloi ya kumimina rimu, ile inayotumika zaidi, ina silikoni karibu asilimia 7. Kostiki huila alumini haraka na kuiacha silikoni imebaki juu, vumbi jeusi lisilo na mshiko. Asidi mara nyingi huacha weupe. Kwa hiyo hata mteja akiapa kwamba gari limeoshwa kwa sabuni ya maji tu, kidole kimekwisha kusema.

Vumbi la breki analitoa kwa subira. Ipo dawa ya rimu isiyo ya asidi kali wala ya magadi, yenye amoniamu thioglaikoleti, inayokamata chuma na kugeuka zambarau inapofanya hivyo. Rimu inaanza kulia machozi ya zambarau, na vijana wageni huruka nyuma wakidhani imeharibika. Harufu yake dada zetu wa saluni wanaijua, maana kemikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwamo kwenye dawa ya kalikiti, enzi ambazo kila kichwa cha mjini kilidondosha mafuta kwenye kola. Nywele na kutu hazifanani kwa lolote, lakini dawa moja imezifaa zote mbili. Mzee huinyunyiza rimu ikiwa baridi, kivulini, anasubiri dakika chache, anasugua kwa mswaki, anaosha kabla haijakauka. Rimu yenye moto hukausha dawa kabla haijafanya kazi na kuacha doa jipya, na madoa mengi ya banda huanzia hapo: gari limetoka safari, diski bado zinafuka, na dumu tayari limeinamishwa.

Halafu msasa. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nirudi kwake mara kwa mara bila kuwa na rimu ya kutengeneza.

Doa likiwa ndani ya vanishi tu, huanza na msasa laini kuliko anaodhani atauhitaji. Vanishi nzima haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita, na hakuna namna ya kuirudisha ukishaipita. Analowesha msasa namba 2000, anauvingirisha kwenye kipande cha mpira, anapita mara chache, anafuta, anaangalia. Kama doa limepungua, anaendelea na huo huo. Kama halijasikia, ndipo anashuka namba moja chini. Vijana hutaka kuanza na namba kali ili waone matokeo, naye huwaambia kwamba namba kali inaacha mikwaruzo yake, na kila mkwaruzo ni deni litakalolipwa na msasa unaofuata.

Doa likiwa kwenye metali, vanishi lazima itoke yote. Anapaka dawa ya kuvua rangi, anasubiri ivimbe na kukunjamana, anaikwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki, bisibisi haigusi. Anaosha sana. Rimu iliyovuliwa inaonekana mbaya kuliko ilivyoletwa, na mteja akipita wakati huo hushika kichwa. Kisha anachukua penseli na kuchora mistari ya kukatana juu ya eneo lote. Mistari hiyo ndiyo ramani yake: msasa ukipita, palipoinuka penseli inafutika kwanza, na palipo na kishimo inabaki. Anaanza labda na namba 400, kwa maji, akisukuma kuelekea upande mmoja. Mistari yote ikifutika, anachora upya, anachukua 600, anabadilisha mwelekeo ili apite kwa mshazari juu ya mikwaruzo ya kwanza. Mikwaruzo ya 400 ikiwa bado ipo, itaonekana ikikatana na mipya. Hakuna kwenda 800 mpaka mkwaruzo wa mwisho wa 400 uondoke. Kisha 1000, 1500, 2000. Kwa kila hatua anabadilisha maji ya ndoo, maana punje moja tu ya 400 ikibaki kwenye maji ya 1500 itachora mstari utakaomrudisha nyuma hatua nne.

Siku moja kijana wake alimaliza upande mmoja na kusema, "Mzee, hapa pamekwisha." Mzee hakuangalia. Alimwambia afumbe macho, aweke kitambaa chembamba juu ya rimu na kupitisha ncha za vidole juu yake polepole. Kijana akapitisha, akarudi, akasimama mahali. "Kuna bonde." "Umelichimba wewe," Mzee akamwambia. Alikuwa amesugua palipokuwa na doa peke yake, na doa lilikuwa limetoka kweli, lakini pamebaki dimbwi ambalo mwanga ungelionyesha mara tu rimu ikipigwa polishi. Dawa yake ni kupanua: kuchukua sehemu pana kuzunguka bonde na kuishusha yote kidogo kidogo mpaka mteremko usionekane. Kijana akarudi kwenye penseli. Mchana wote ulikwenda kwenye mkono mmoja wa rimu, na hakuna aliyeuita mchana huo hasara.

Naweza kutazama hatua ya mwisho kwa muda mrefu. Polishi inapakwa kwa kitambaa cha pamba, fulana kuukuu zikiwa bora kuliko chochote cha dukani, na rimu inakuwa nyeusi tititi, nyeusi kiasi kwamba asiyejua atadhani kazi imeharibika. Weusi huo ni alumini yenyewe iliyosagwa. Mzee anazungusha vidole kwa duara dogo, anahama, anazungusha, mpaka chini ya weusi panaanza kuonekana mwanga. Kuondoa mabaki yaliyojificha kwenye kona, hunyunyiza unga wa ngano kidogo na kuusugua. Unga unanyonya mafuta na weusi wa polishi, na kitambaa safi kinamalizia. Wang'arishaji wa malori huko Marekani nao hutumia unga vivyo hivyo, kwa sababu hiyohiyo.

Nampenda zaidi kwa yale anayoyakataa. Zipo rimu ambazo uso wake umechongwa kwa mashine kiwandani, na ukiuinamia unaona mistari myembamba ya duara inayotoa rangi za upinde wa mvua ukiigeuza. Msasa wa mkono hauwezi kuirudisha mistari ile, unaifuta tu. Rimu hiyo inahitaji kurudishwa kwenye mashine ya kuchonga, na hata huko haiwezi kuchongwa mara nyingi, kwa kuwa kila mara inapoteza metali. Mzee humweleza mteja hivyo na kumrudishia. Rimu za kromu zilizoanza kuvimba hazigusi. Asidi ya hidrokloriki huiyeyusha kromu na kuingia chini yake, na hakuna polishi itakayokishika kilichokwisha kubanduka. Rimu yenye ufa hata ukiwa mwembamba kiasi gani, anaiweka pembeni na kumwita mwenyewe aje auone ufa kwa macho yake.

Na moto hautumii kabisa. Wapo wanaovua rangi ya rimu kwa gesi, au kuipasha moto ili kuinyoosha ilipopinda. Rimu ya aloi imepata nguvu yake kiwandani kwa joto lililopimwa: hupashwa hadi karibu nyuzi 540, huzimwa kwa maji, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 160 hivi. Mwali wa gesi unaivuruga hesabu hiyo yote mahali pamoja, na metali inakuwa laini pale pale bila kuonyesha alama yoyote. Itang'aa vizuri. Itavunjika kwenye shimo la barabara ya Morogoro ikiwa na abiria watano. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole, na sidhani kama linastahili upole.

Baada ya polishi inakuja kazi isiyosifiwa na mtu. Rimu inafutwa kwa spiriti ili pasibaki mafuta, mdomo wa vali unafunikwa kwa tepu ya karatasi, na klia, yaani vanishi mpya, inapulizwa kwa tabaka nyembamba, moja ikisubiri nyingine. Wapo wateja wanaotaka alumini iachwe tupu, ing'ae yenyewe, na kweli hakuna klia inayoshinda mng'ao huo. Mzee huwauliza wanakaa wapi. Anayekaa Dodoma anaweza kuubeba mng'ao huo kwa nta na kitambaa cha kila wiki. Anayelala karibu na bahari atauona ukififia mapema, na Mzee humshauri klia. Mteja akishikilia lake, anampa, lakini baada ya kumwambia.

Vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu, vile vinavyobandikwa ndani ya rimu, alikuwa amekwisha kuvichorea mahali pake kwa kalamu ya wino kabla ya kuanza, na sasa vinarudi hapo hapo, au gari linaelekezwa kwa mwenye mashine ya kusawazisha. Nyuso za rimu na za kitovu zinapokutana zinasuguliwa ziwe kavu na safi, bila klia, bila rangi, maana rangi ikibaki katikati hubanwa taratibu na nati kulegea. Nati zinaanzwa kwa mkono. Zinakazwa kwa kuvukana, ya juu kisha ya upande wa pili, spana ya kupimia nguvu ikimalizia gari likiwa limeshuka kwenye jeki. Kisha anamwambia mwenye gari maneno yaleyale anayomwambia kila mtu: sabuni ya maji, maji mengi, rimu ikiwa baridi, na urudi ukishatembea kilomita 50 au 100, nizikaze nati tena, hiyo sikulipishi.